Mahindi yako yamerudishwa getini: sharti lile lilitoka wapi?



Kila ifikapo Julai na Agosti maswali yanayonijia ni yale yale. Umekodi Fuso, umepakia magunia, umefika kwenye kituo cha ununuzi cha serikali au kwenye geti la shule ya bweni. Kijana anachoma bambo kwenye gunia, anamimina punje kiganjani, anaziangalia, anaziweka kwenye kipima unyevu, kisha anatikisa kichwa. "Kumi na sita. Rudi ukaanike." Nauli ya kuja umeshalipa, ya kurudia hujui utaitoa wapi. Na ng'ambo ya barabara amesimama dalali, hana haraka, anajua utamuuzia kwa bei yake.

Wengi wenu mnaamini masharti yale yametungwa ili mkulima mdogo akwame. Nimesikia hayo kwenye mikutano ya kijiji mara nyingi, na siwalaumu, maana mtu akirudishwa bila kuelezwa sababu lazima ajitafutie sababu yake. Leo sitaanza na ushauri. Nitaanza na historia, kwa sababu kila sharti lililoko pale getini liliandikwa baada ya jambo fulani kuharibika: njaa, hasara, mdudu au vifo. Ukijua lilitoka wapi utajua lipi linakulinda, lipi linakugharimu, na lipi una haki ya kulihoji.

Serikali ilianza kwa kuogopa njaa

Hapa kwetu serikali haikuanza kununua nafaka kwa sababu ya ubora. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi lilihitaji chakula, miji ilihitaji chakula, manamba wa mashamba ya mkonge walihitaji chakula, na miaka ya 1942 na 1943 mvua zilikuwa mbaya. Tawala za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika zikaingia kwenye biashara ya nafaka, kununua na kugawana. Vita ilipokwisha, Tanganyika ikaendelea kuwa na idara yake ya kuhifadhi nafaka.

Swali la wakati ule lilikuwa moja tu: tuna kiasi gani ghalani? Mavuno yalipokuja kuwa mengi katikati ya miaka ya 1950, idara ile ikajikuta na nafaka nyingi wakati bei ya nje imeshuka. Ikapata hasara, na udhibiti ukalegezwa. Hilo ni somo la kwanza, na litajirudia: mnunuzi wa umma akiangalia wingi peke yake, hasara humkuta ghalani.

Baada ya uhuru, mwaka 1963, iliundwa Bodi ya Taifa ya Mazao ya Kilimo, iliyojulikana kwa herufi za NAPB. Mkulima aliuza kwenye chama cha msingi, chama cha msingi kikapeleka chama kikuu, chama kikuu kikapeleka kwenye bodi. Kila ngazi ilikuwa na makato yake. Wazee waliokuwa wakilima wakati huo watakwambia kwamba kilio chao hakikuwa unyevu wala punje zilizooza. Kilio kilikuwa mizani na makato: gunia lilitoka nyumbani zito, likafika kwenye daftari limekuwa jepesi.

Miaka ya NMC: bei moja nchi nzima

Mwaka 1973 kazi ya kununua mahindi, mpunga na nafaka nyingine ilikabidhiwa kwa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Wakati huo huo ukame ukaingia, na mwaka 1974 watu wengi walikuwa wanahamishiwa kwenye vijiji vipya. Chakula kikapungua vibaya, nchi ikatumia fedha zake za kigeni kuagiza nafaka nje. Kama una mzazi au babu aliyekuwepo, muulize kuhusu unga wa njano. Waliupa jina la "yanga", kwa rangi ya ile timu. Ulishibisha watu, lakini haukupendwa.

Kutokana na mshtuko ule serikali ilichukua hatua mbili ambazo ziliacha alama mpaka leo.

Ya kwanza ni bei moja ya mahindi nchi nzima. Mkulima wa Songea na mkulima wa Morogoro walilipwa sawa, gharama ya lori ikabebwa na shirika. Hapo ndipo Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zilipoinuka na kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, NMC ikawa inanunua moja kwa moja vijijini. Kwa mkulima wa Nyanda za Juu Kusini huo ulikuwa mlango mkubwa wa soko. Kwa shirika ulikuwa mzigo, kwa sababu lilinunua mbali, likasafirisha kwa gharama, likauza unga kwa bei iliyopangwa. Madeni yakaongezeka mwaka hadi mwaka.

Ya pili haizungumzwi sana, nami nataka uishike. Ili nchi isikamatwe tena na ukame, bei nzuri ilitangazwa pia kwa mazao yanayostahimili ukame: mtama, uwele na muhogo mkavu. Wakulima waliitikia kama mkulima yeyote anavyoitikia bei, wakapeleka. Lakini walaji wa mijini walitaka sembe. Shirika likabaki na mtama na muhogo mwingi usio na mnunuzi. Mkulima hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba aliyepanga cha kununua hakuanza kwa kuuliza nani atakila.

Ndiyo maana leo ukiona tangazo la shule au hospitali limeandika aina ya maharage, rangi ya mahindi na daraja la mchele, usidhani ni madoido. Mnunuzi anayejua atakachopika anaandika anachotaka. Asiyejua anakununulia mwaka huu, mwaka ujao anakukimbia.

Mgeni aliyeitwa Scania

Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa Tabora, hasa upande wa Urambo, waliona mdudu ambaye hawakumzoea. Hakuwa fukusi wa siku zote. Huyu alitoboa punje ikabaki unga mtupu, alitoboa gunzi, alitoboa hata mbao za kihenge. Mwaka 1981 wataalamu walimtambua: asili yake ni Amerika ya Kati, na kwa Kiswahili tukamwita dumuzi. Wananchi hawakungoja jina la kitabuni, wakamwita Scania, kama lile lori.

Mdudu huyu alibadilisha utaratibu wa miaka mingi. Kabla yake, mahindi yalikaa na magunzi yake darini au kihengeni mpaka yanapohitajika. Dumuzi anapenda sana hindi likiwa bado kwenye gunzi, kwa sababu limekaa imara na anapata pa kushika anapotoboa. Ushauri wa ugani ukageuka: pukuchua mapema, kausha, pepeta, changanya na dawa ya unga iliyoruhusiwa kwa hifadhi, kisha tia kwenye magunia safi. Siku hizi wengi mnatumia mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko miwili ya nailoni ndani, ambayo humnyima mdudu hewa bila dawa yoyote.

Na pale getini? Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki, ambacho Shirika la Viwango Tanzania (TBS) linakitumia pamoja na wenzake wa jumuiya, kinahesabu punje zilizoliwa na wadudu. Daraja la kwanza zisizidi asilimia 1, la pili 3, la tatu 5. Punje zilizovunjika, daraja la kwanza zisizidi asilimia 2, la pili 4, la tatu 6. Kwa hiyo mkulima anayepiga mahindi kwa fimbo ndani ya gunia anajishusha daraja kwa mkono wake mwenyewe: punje zinavunjika, na punje iliyovunjika ndiyo mlango wa mdudu na ukungu.

Soko lafunguliwa, hifadhi yabaki

Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1980 NMC ilikuwa imechoka. Mahindi mengi yalipita njia za panya, na mwaka 1983 ikaja ile operesheni ya kuwasaka walanguzi. Lakini huwezi kumfunga kila mama anayebeba debe. Mwaka 1984 mtu aliruhusiwa kusafirisha nafaka hadi kilo 500, na mwaka 1987 kikomo hicho kikaondolewa. Ndugu mfanyabiashara wa kijijini, kazi unayoifanya leo kwa leseni, siku zile ilikuwa inakupeleka rumande.

Serikali haikutoka sokoni yote. Ilibaki na ghala la akiba. Akiba ile ilitolewa NMC mwaka 1991 ikawekwa chini ya wizara, na tangu Julai 2008 kazi hiyo inafanywa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA. Mwaka 2009 ikapitishwa pia sheria ya kuunda Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko, ambayo yenyewe inafanya biashara.

Hapa unyevu unaanza kuwa sharti kuu, na sababu ni rahisi. Mwenye mashine ananunua leo anasaga kesho, unyevu haumsumbui sana. Mwenye ghala la akiba ananunua leo ili yaliwe baada ya mwaka mmoja au miwili. Mahindi ya unyevu wa 16 yakipangwa kwenye ghala la maelfu ya tani yanapata joto, yanatoa jasho, yanaota ukungu, na gunia moja bovu linaharibu la jirani. Kikomo kikawekwa asilimia 13.5.

Lakini nikuoneshe upande wa pili wa namba hiyo, upande wa mfuko. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa 16 ukilikausha mpaka 13.5 linabaki kilo 97 na kidogo. La unyevu wa 18 linabaki kama kilo 95. Kwa hiyo mfanyabiashara anayekusanya magunia 50 ya unyevu wa 16 kijijini amenunua takribani kilo 145 za maji. Akijua hilo atakata bei. Asipojua atalia yeye. Ukikausha mwenyewe, uza kwa kilo na umwambie mnunuzi kwamba umekausha, maana umeshaubeba upungufu huo wewe.

Kilo nazo zina historia. Lumbesa ilizaliwa kwa sababu gunia lilikuwa linauzwa kwa macho. Sheria ya Vipimo inaikataza, na kifungashio cha mazao hakitakiwi kuzidi kilo 100. Sheria hiyo haina maana kama wewe mwenyewe unakubali kushona kilemba juu ya gunia ili mnunuzi asikuache.

Sumu isiyoonekana

Sasa tunafika kwenye sharti gumu kuliko yote, na hapa naomba usisome haraka.

Mwaka 2004 Kenya, katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua ini na 125 wakafa. Walikuwa wamekula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu na kuota ukungu unaotoa sumukuvu. Kwetu tuliisoma kama habari ya majirani. Mwaka 2016 ikatufikia: Dodoma na Manyara, katika wilaya za Chemba, Kondoa na Kiteto, watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Chakula kilichowaua hakikutoka kwenye ghala la serikali wala dukani. Kilikuwa mahindi ya nyumbani.

Sumukuvu ya aflatoksini hutolewa na ukungu ambao unaanza shambani, hasa mahindi yakipigwa na ukame au kutobolewa na wadudu, na unaendelea nyumbani kama umeanika chini kwenye udongo au umeingiza ndani kabla hayajakauka. Sumu hiyo haionekani kwa macho, haina harufu ya kuaminika, na kupika hakuiondoi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu mikrogramu 10 kwa kilo, na kati ya hizo ile aina kali zaidi, B1, isizidi 5. Kwa gunia la kilo 100 ni miligramu moja ya sumu, uzito wa punje chache za chumvi. Ndiyo maana mnunuzi hawezi kukubali maneno "mahindi yangu mazuri, angalia yanavyong'aa."

Gharama ya kuchelewa kulielewa hilo tuliiona Machi 2021. Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache zuio likaondolewa, lakini kwa masharti: muagizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti kinachoonesha sumu iko chini ya kikomo pamoja na cheti cha asili. Malori yaliyokuwa mpakani hayakuwa ya wakubwa peke yao. Mengi yalikuwa yamebeba magunia yaliyokusanywa kwenye vijiji kama vyetu, kumi hapa, ishirini pale. Hapa nyumbani nako usimamizi wa usalama wa chakula ulikuwa umehamishwa mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA kwenda TBS, kwa hiyo anayeandika kiwango na anayesimamia usalama wa chakula sasa wako chini ya paa moja.

Kisha zikaja karatasi

Sharti la mwisho halimo kwenye punje. Limo kwenye kompyuta.

Shule za bweni, hospitali, magereza na vyuo vya serikali hununua chakula kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma. Sheria hiyo imebadilishwa mara kadhaa: ya 2001, ya 2004 iliyounda mamlaka ya udhibiti (PPRA), ya 2011, marekebisho ya 2016, na sasa Sheria Na. 10 ya 2023, iliyoanza kutumika 2024. Kila toleo lilijaribu kuziba mwanya wa lililotangulia, hasa zabuni za kupeana na bei za kuongeza. Tangu 2023 manunuzi yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST.

Ndani ya mabadiliko hayo kuna jambo jema ambalo wengi vijijini hawalijui. Taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama wanaolima maharage kina nafasi kwenye sheria ya kuuzia shule ya bweni iliyoko kilomita tano kutoka shambani kwao. Lakini nafasi hiyo haiji kubisha hodi. Lazima kikundi kisajiliwe, kiwe na akaunti ya benki, namba ya mlipakodi, na kiingie kwenye mfumo. Mahali pa kuanzia ni ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako. Na mjiandae pia kwa malipo yasiyokuja siku ile ile. Msiahidi magunia yote halafu mkakosa hela ya kulimia msimu unaofuata.

Kilichosahaulika kila mara

Ukiipanga historia hii mstari mmoja utaona inavyokwenda. Kwanza serikali iliuliza kiasi. Kisha bei. Kisha wadudu, unyevu na uzito. Kisha sumu. Sasa na karatasi. Kila swali lilikuwa la haki, na sitamwambia mtu kwamba kiwango cha sumukuvu kilegezwe ili magunia yake yapite. Watu 20 waliofariki mwaka 2016 wanatosha.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho kila marekebisho yamekiacha palepale. Kiwango hubadilika mjini, kipimo hubaki getini. Mkulima anapimwa mara moja tu, mahali pa mwisho kabisa, baada ya kulima, kuvuna, kupukuchua, kushona magunia na kulipa lori. Kipima unyevu kingekuwa kwenye ofisi ya kijiji au ghala la chama cha msingi, ile "kumi na sita" ungeisikia nyumbani, turubai likiwa bado limetandikwa na jua bado lipo. Ukiisikia getini imeshakuwa hasara, na dalali wa ng'ambo anaishi kwa hasara hiyo. Hili si jambo la kulalamikia kijiweni. Ni ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji, ni ajenda ya chama cha msingi, ni jambo la kumuuliza diwani: kata yetu ina vipima unyevu vingapi?

Na kuna la pili, zito zaidi. Geti linamlinda aliye ndani ya geti. Mwanafunzi wa bweni anakula mahindi yaliyochomwa bambo. Mwanao wa shule ya kutwa anakula debe ulilochangia wewe, na debe hilo mara nyingi halipimwi na mtu. Je, magunia yaliyokataliwa yanakwenda wapi? Yanarudi nyumbani, yanasagwa, yanaliwa. Kama yalirudishwa kwa unyevu tu, yaanike haraka, bado ni chakula. Kama yalirudishwa kwa sumukuvu au kwa ukungu, hayo hayakukataliwa na serikali peke yake. Yakatae na wewe. Usiyaingize jikoni, usiyauze kwa jirani, usimpe kuku wala ng'ombe wa maziwa, maana sumu inapita kwenye maziwa. Muone afisa ugani au afisa afya wa kata akuelekeze namna ya kuyateketeza. Inauma, najua, ni jasho la mwaka mzima.

Ya kufanya msimu huu

1. Vuna mahindi yakikomaa na kukauka, usiyaache shambani yanyeshewe. Yaliyolala chini tenga peke yake.

2. Anika juu ya turubai au chaga, kamwe si juu ya udongo. Jioni funika au ingiza ndani, umande unarudisha unyevu.

3. Pima kwa chumvi kabla ya kushona magunia. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia mahindi robo ya chupa na vijiko viwili vya chumvi iliyoanikwa ikakauka. Tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu uko juu ya asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda umekaribia, lakini hujathibitisha 13.5, kwa hiyo endelea kuanika siku moja au mbili, kisha tafuta kipima unyevu.

4. Chambua kwa mkono. Toa punje zilizooza, zenye rangi ya ukungu, zilizosinyaa na zilizotobolewa. Kazi hii inapunguza sana sumukuvu na inakupandisha daraja. Ulizotoa usizipe kuku.

5. Usikodi lori kabla ya kupeleka sampuli. Chota kidogo kutoka kila gunia, juu, kati na chini, changanya, peleka kilo moja au mbili kituoni kwa bodaboda. Nauli ya bodaboda haifanani na ya Fuso.

6. Wanaokusanya mzigo wa watu wengi, wekeni alama kwenye magunia ya kila mkulima. Gunia moja la mtu mmoja lisiwarudishe wote.

7. Ukikataliwa, uliza kwa upole mambo matatu: kipimo kimesoma ngapi, kikomo ni ngapi, na daraja langu ni lipi. Omba uione namba mwenyewe kwenye kipimo. Afisa anayefanya kazi yake vizuri hatachukia. Iandike kwenye daftari, itakusaidia mwakani.

8. Masharti hubadilika. Mwanzo wa kila msimu, kabla ya kuvuna, nenda kituoni au umtume mmoja wa kikundi aulize ya mwaka huu. Usitegemee ya mwaka jana.

Wazee wetu walirudishwa kwa mizani, sisi tunarudishwa kwa unyevu na sumukuvu. Watoto wetu watarudishwa kwa jambo lingine ambalo bado halijaandikwa. Mkulima anayejua kwa nini swali linaulizwa hujiandaa kabla ya kuulizwa.

Nikutakie jua la kutosha na turubai lisilotoboka. Tukutane msimu wa maharage.